Mbwa wa Kasokola Aliyehamia Bonn

Kila nikiweka picha ya huyu mbwa napata maswali yaleyale. Dada, ulimtoa wapi? Ulimpitishaje uwanja wa ndege? Ulitumia shilingi ngapi? Na wengine bila kuzunguka: hivi umekosa kabisa ndugu wa kumlipia nauli? Leo nimeamua kuyajibu yote kwa mkupuo. Hilo la mwisho nitaliacha lije lenyewe, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Mbwa anaitwa Tutaonana. Jina alipewa na marehemu babu yangu pale Kasokola, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Mliokulia kijijini mnaujua utaratibu. Mtu akiwa na ugomvi na jirani na hataki kupelekana kwa mwenyekiti, anampa mbwa jina. Jioni anamwita kwa sauti kubwa, jirani anasikia, ujumbe umefika. Babu alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na mzee mmoja, akamwita mtoto wa mbwa Tutaonana. Yule mzee naye hakukubali kushindwa, akafuga wake akamwita Nimesikia. Kesi ikaisha, wazee wakapatana, wakawa wanakunywa pamoja kila Jumapili, majina yakabaki kwa mbwa.

Kwa sura ni mbwa wetu wa kawaida kabisa, wale ambao mjini tunawadharau kwa kuwaita koko. Kahawia, miguu mirefu, mkia umejikunja kama ndoano, sikio la kushoto limechanika kwa sababu ambazo anazijua mwenyewe. Kazi yake ilikuwa shamba. Mahindi yakianza kukomaa, ngedere wanashuka mchana na nguruwe pori wanakuja usiku, na mbwa asiyelala ni sawa na debe kadhaa za mahindi zilizookolewa. Babu hakuwahi kumbembeleza hata siku moja. Alimpa makoko ya ugali, alimpa mifupa, na akienda msibani alimfunga ili asimfuate. Mapenzi yao yalikuwa hayo.

Ukoo wake una habari ambayo nilikuja kuifikiria sana baadaye. Karibu na Mpanda kuna Katumba, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walikaa pale miaka zaidi ya 35, wakalima, wakazaa. Kisha wakapewa kuchagua: uraia wa Tanzania au kurudi kwao. Kwa makazi yote ya zamani, Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya watu laki moja na nusu walichagua uraia, na zaidi ya elfu hamsini wakarudi Burundi. Katika waliorudi mwaka 2009 kulikuwa na familia moja iliyokuwa ikimuuzia babu asali. Jioni moja walikuja Kasokola na mbwa jike amefungwa kamba ya magome. Mabati wanabeba, masufuria wanabeba, watoto wanabeba, wale watoto ambao Burundi hawajawahi kuiona. Mbwa hana nafasi. Huyo jike ndiye bibi mzaa mama wa Tutaonana. Nilikuwa na miaka 13, na ninachokumbuka ni kwamba alikaa wiki nzima chini ya mwembe ameelekeza pua upande walikoondokea.

Haya, tuje kwangu. Oktoba 2022 nilikwenda Bonn, Ujerumani, kusoma shahada ya pili ya habari. Desemba babu akafariki. Nauli ya kurudi kuzika sikuwa nayo. Nilimzika kwa simu, nimekaa kwenye ngazi za bweni, kaka yangu amenyanyua simu juu ya kaburi na mtandao unakatika kila baada ya dakika mbili. Arobaini ilipokwisha ukoo ukagawana majukumu. Shangazi akamchukua bibi akakae naye Tabora. Baba mdogo akabaki na shamba. Na mbwa?

Bibi yangu huniita mke mwenza, kwa utani wetu ule wa bibi na mjukuu. Akanipigia.

"Mke mwenzangu, mume wetu katuachia mali. Mimi nimechukua blanketi na redio. Wewe chukua mbwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba Januari ile alipita mbwa asiyejulikana mitaa ya jirani, anang'ata ovyo, mate yanamchuruzika. Watu wakasema ni kichaa. Vijana wakaingia na marungu, kila mbwa aliyekutwa njiani akauawa, awe na mwenyewe asiwe naye. Tutaonana alipona kwa kuwa bibi alimfungia siku mbili kwenye stoo ya mahindi. Baba mdogo akasema wazi kwamba yeye ana watoto wanne wadogo, na mbwa wa marehemu hatamfuga.

Sikumlaumu, na hadi leo simlaumu. Kichaa cha mbwa nakijua. Mwaka 2020, nikiwa mwandishi mchanga wa redio pale Mpanda, nilikwenda kwenye msiba wa mtoto wa darasa la tatu. Aling'atwa mguuni. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo, wakakifunga kitambaa, kikapona. Wiki sita baadaye akaanza kuweweseka, akipewa maji koo linambana, akisikia hata sauti ya maji yakimiminwa anapiga kelele. Siku ya tatu akafa. Nilikaa na mama yake uani, kinasa sauti nimekizima, na aliniuliza kitu kimoja tu: "Kumbe kuna sindano?"

Sindano ipo, mama. Mtu akiosha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, akawahi chanjo na kuzimaliza dozi zote, anapona. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa anakufa. Tanzania inakadiriwa kupoteza watu kama 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, dunia nzima kama 59,000, na karibu wote wanaupata kwa mbwa. Wengi ni watoto. Nilirudi studio nikaandaa kipindi cha dakika saba. Kikarushwa, ikafuata muziki.

Kwa hiyo niliposoma masharti ya Ulaya juu ya mbwa wanaotoka nchi kama yetu, nilikasirika kwa muda mfupi tu. Hawa wenzetu walihangaika kuufuta ugonjwa. Ujerumani ilitupa porini chambo zenye chanjo kwa ajili ya mbweha miaka na miaka, na ikahesabiwa kuwa huru na kichaa cha wanyama wa nchi kavu mwaka 2008. Ningekuwa mimi, na mimi ningeweka mlinzi mlangoni.

Sasa masharti yenyewe, kama yalivyokuwa niliposafiri mwaka 2023, na paka naye ni hayohayo. Kwanza chipu: kitu kidogo kama punje ya mchele, kina namba ya tarakimu 15, kinachomwa chini ya ngozi ya shingo. Kisha chanjo ya kichaa. Mpangilio huu ndio unaowaangusha watu wengi. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, hata kama cheti chake kina mihuri mitano, kwa sababu hakuna wa kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ni huyuhuyu. Tutaonana alishawahi kuchanjwa na bwana mifugo kwenye kampeni, lakini chipu hakuwa nayo, ikabidi aanze upya. Baada ya chanjo zinahesabiwa siku 30, ndipo anatolewa damu. Damu inapimwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, kuona kama kinga imefika kiwango cha 0.5. Ya kwetu ilikwenda Onderstepoort, Afrika Kusini. Majibu yakiwa mazuri, bado hasafiri. Anasubiri miezi mitatu kamili tangu siku aliyotolewa damu, ili kama virusi vilikuwa vimejificha vijitokeze angali nyumbani. Mwishoni kabisa daktari wa mifugo wa serikali anasaini cheti cha afya, na ndani ya siku 10 uwe umeshaingia Ulaya. Kwa hesabu ya haraka, ukianza leo utasafiri baada ya miezi minne, na hiyo ni kama hakuna karatasi iliyokosewa.

Wale wa Uingereza mshukuru. Hadi mwisho wa mwaka 2011 mbwa kutoka kwetu alikuwa anafungiwa karantini miezi sita akifika. Na wa Marekani, tangu Agosti 2024 sheria zimebadilika: mbwa lazima awe na chipu na awe ametimiza miezi sita, na Tanzania na Kenya zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa, kwa hiyo karatasi zenu ni nyingi kuliko za mtu anayetoka Ulaya. Msikilize daktari, msisikilize binamu aliyesafiri zamani.

Chipu Mpanda sikuipata. Binamu yangu ndiye aliyempeleka mbwa Dar, mwezi Machi 2023, kwa treni ya Mpanda hadi Tabora na kutoka pale kwenda Dar. Reli ile Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata risasi ya mgodi wa Mpanda. Nadhani haikupangiwa kubeba mbwa mwenye kibali cha kusafiri, lakini kibali tulikuwa nacho, kimesainiwa na bwana mifugo, na binamu alikionyesha mara nyingi kuliko tiketi yake. Abiria waliuliza kama ni mbwa wa polisi. Binamu akajibu ndiyo, na tangu hapo wakapewa nafasi ya kutosha.

Dar alikaa kwa rafiki yangu Tegeta miezi mitano. Namshukuru dada huyu hadharani ingawa jina lake simtaji, maana Tutaonana alimla kuku wawili wa jirani, na aliyelipa si mimi.

Kizimba cha kusafiria nilikikuta kinauzwa ghali, tena hakikumtosha. Kuna kanuni ya kimataifa ya mashirika ya ndege: unampima mbwa kutoka puani hadi shina la mkia, unaongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele, huo ndio urefu wa kizimba. Lazima aweze kusimama bila kichwa kugusa juu, ageuke, alale amejinyoosha. Nikachora, nikatuma mchoro Keko kwa fundi seremala. Akapiga simu. "Dada, hili ni jeneza au kabati?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama huko ninakokwenda hakuna mbwa. Lakini kazi aliifanya, jamani, kazi safi: matundu ya hewa pande zote, bakuli la maji linalojazwa kwa nje, mishale ya kuonyesha juu ni wapi. Kwa heshima yake akapiga na vanishi.

Wapo walionishauri nimpe dawa ya usingizi asisumbuke. Daktari alikataa kabisa. Mnyama aliyelewa dawa huko juu, pumzi na mapigo ya moyo yanaweza kushuka, na ndani ya tumbo la ndege hakuna wa kumwamsha. Badala yake tulimzoesha. Wiki tatu alilishwa ndani ya kizimba, mlango wazi, kisha mlango umefungwa, kisha kinatikiswa na watoto wa Tegeta ambao kazi hiyo waliifurahia kuliko shule. Mwezi Agosti nikaja kumchukua. Hatukuwa tumeonana miezi kumi. Alininusa viatu, akaninusa mikono, akarudi kivulini kulala. Nilitegemea zaidi, nakiri.

Frankfurt waliniuliza mimi maswali mengi kuliko yeye. Yeye alipitishiwa kifaa shingoni, kikalia, namba ikalingana na karatasi, basi. Afisa akasoma jina kwa taabu, Tu-ta-o-na-na, akauliza maana yake. Nikamwambia: "Auf Wiedersehen." Alicheka hadi mwenzake akaja kuona kuna nini. Tangu siku hiyo nimeshacheka na watu wengi wa nchi hii kwa sababu hiyohiyo, na Wajerumani, niamini, kuwachekesha ni kazi.

Kuishi naye ndiko kwenye mambo. Bweni la wanafunzi halikuruhusu mbwa, nikatafuta chumba. Hapa mahakama ya juu iliamua mwaka 2013 kwamba mwenye nyumba hawezi kuandika tu kwenye mkataba kwamba mbwa na paka ni marufuku kwa wote. Lazima apime suala la kila mpangaji. Ni kweli, lakini mtu mwenye waombaji thelathini wa chumba kimoja haendi mahakamani, anachagua asiye na mbwa. Nilikataliwa mara kumi na nne. Wa kumi na tano alikuwa bibi mmoja mjane aliyeuliza anakula nini.

Kisha kodi. Mbwa hapa analipiwa kodi kila mwaka, kila mji na kiwango chake. Berlin, kwa mfano, ni euro 120 kwa mbwa wa kwanza. Anapewa kibati chenye namba, anavaa. Na jimbo letu, Nordrhein-Westfalen, lina sheria kwamba mbwa anayefika urefu wa sentimita 40 au uzito wa kilo 20 lazima aandikishwe, awe na chipu na bima ya madhara, na mwenye mbwa afanye mtihani kuonyesha kwamba anawajua mbwa. Tutaonana ana kilo 17, nikaona tumepona. Akapimwa urefu: sentimita 48. Basi mimi mjukuu wa mzee aliyefuga mbwa miaka hamsini nikakaa kwenye chumba cha daktari wa mifugo na kalamu, nachagua jibu sahihi juu ya mbwa anayeonyesha meno. Nilifaulu. Bibi aliposikia alisema babu angefeli, maana jibu lake lingekuwa fimbo.

Chakula chake cha duka, zile kokoto kavu, alikigomea siku nne. Nikaenda duka la Waafrika nikanunua unga wa mahindi, nikasonga ugali nikachanganya na nyama ya kusaga, akala hadi akapiga miayo. Daktari hakukataza ugali. Alichokataza ni kitunguu, ambacho kinaharibu damu ya mbwa, na mifupa iliyopikwa, ambayo inapasuka vipande vyenye ncha na kumtoboa tumbo. Nikafikiria masalia yote ya mchuzi aliyokula Kasokola. Mchuzi gani wa kwetu hauna kitunguu? Alimpima pia magonjwa ya nchi za joto, akamkuta na ugonjwa unaoletwa na kupe, ule unaoshambulia chembe za damu. Dawa wiki nne. Inawezekana alikaa nao miaka, na tulipomwona amelala mchana kutwa tulimwita mvivu.

Baridi ilimshangaza. Desemba alitoka mlangoni, akakanyaga theluji, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akagundua hana wa kusimamia. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inaunguza nyayo, kwa hiyo tukirudi namwosha miguu kwenye beseni kama mgeni wa Biblia. Nilimnunulia koti la mtumba. Picha nilimtumia bibi, akaionyesha mtaa mzima wa Tabora.

Rafiki yangu mmoja wa hapa anatoka Tanga, ni Mwislamu mshika dini, na mate ya mbwa kwake ni najisi. Hatujawahi kugombana. Akija tunakaa bustanini, mbwa yuko upande wangu, chai yake iko upande wake. Siku moja nilipougua homa yeye ndiye aliyemtembeza, kamba ndefu, ameshika mwisho kabisa, huku anamsemesha Kiswahili cha Tanga. Paka wake mwenyewe aliachwa kwa mama yake, na akisimulia habari za yule paka sauti inabadilika.

Kanuni za nchi hii zinadai mbwa apewe muda wa kutosha wa kutembea nje. Tunakwenda kando ya Mto Rhine. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo bado linanitafuna. Miezi kumi ya kwanza Bonn nilipita njia ileile karibu kila siku, na hakuna aliyenisalimia. Nilipokuja na mbwa, wiki ya kwanza nilisalimiwa na watu tisa. Wazee wanasimama. Kina mama wanauliza umri. Kijana mmoja mwenye michoro mwili mzima aliinama akamkuna kidevu. Wanamjua kwa jina. Langu wanalijua wawili. Wakinikuta peke yangu dukani, wengine hawanitambui mpaka niseme mimi ni yule wa Tutaonana, hapo uso unafunguka. Nikiwa na furaha naliona jambo la kuchekesha. Zipo siku nyingine.

Na yeye mwenyewe, ana furaha? Mnaniuliza sana. Sitasema kwamba anayo. Mbwa aliyekuwa anazunguka Kasokola nzima bila ruhusa ya mtu leo anatembea mita mbili kutoka mkononi mwangu. Akipanda treni za mbali anavishwa kifunga mdomo na analipa nusu nauli. Usiku haruhusiwi kubweka. Kazi hana. Miezi ya mwanzo alikuwa akilala ameegemea mlango, sikio limesimama, anasubiri nguruwe pori ambao hawaji. Siku hizi analala chini ya meza yangu na anakoroma. Amenenepa kidogo. Kama ni amani au ni kukata tamaa, mimi mwandishi wa habari sina chanzo cha kuaminika. Najua tu kwamba wale wenzake wa Januari walikufa kwa marungu.

Sasa lile swali. Chipu, chanjo, maabara, kibali, kizimba, ndege: jumla ilikuwa milioni mbili na ushee. Baba mdogo aliposikia hakupiga kelele. Alinyamaza, akasema, "Mwanangu, mbwa wa milioni mbili." Basi. Anao watoto wanne, na mwaka ule mvua ilimkwamisha. Fedha zile nilizipata kwa kuosha vyombo kwenye mgahawa usiku, miezi saba, na ni zangu, na jibu hilo ninalo mdomoni tangu siku hiyo sijawahi kulitoa kwake. Kumjibu mkubwa kwamba fedha ni zangu si jibu. Nilimtumia ada ya muhula ya yule mkubwa, sikueleza ilikotoka, na naye hakuuliza.

Lakini kilichonisumbua zaidi ya maneno yake ni risiti. Nilizipanga mezani siku moja. Katika milioni zote zile, chanjo yenyewe ya kichaa haikufikia bei ya kuku wawili wa kienyeji. Zilizobaki zote zilikuwa za kuthibitisha kwamba kweli amechanjwa. Ulaya haikuwa inamwogopa Tutaonana. Iliogopa kitu ambacho sisi tunakaa nacho uani, na dawa yake ni hiyo ya kuku wawili. Yule mtoto wa darasa la tatu hakufa kwa kukosa kitu cha milioni mbili.

Wala msiseme haiwezekani kwetu. Pemba imewezekana. Walichanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kikatoweka kufikia 2014. Kikarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimeondoka. Inatakiwa wachanjwe mbwa 70 katika kila 100, na kurudiwa, kwa kuwa watoto wa mbwa wanazaliwa kila msimu. Wengi hulalamikia barafu, kwamba chanjo inaharibika njiani. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kuwa aina mojawapo ya chanjo hizi bado inafanya kazi baada ya kukaa miezi mitatu kwenye joto la nyuzi 37. Mpanda mchana ina joto, lakini si la kushinda hilo.

Haya yote nilimweleza baba mdogo kwenye simu, kidogo kidogo, bila kuhubiri, maana hapendi kuhubiriwa na watoto. Hakusema kitu. Majuzi ndipo akapiga yeye mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, vocha anaitunza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ile sindano ya mbwa wako. Siyo ndege, sindano tu. Ulisema shilingi ngapi?"

Kumbe amezunguka jirani zake na daftari. Amehesabu mbwa kumi na mmoja. Akaenda kwa bwana mifugo, wakazungumza vizuri, bwana mifugo yuko tayari kuja, ila akamwonyesha tatizo: kichupa kimoja kinachanja mbwa kumi, na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe siku hiyohiyo. Kwa mbwa kumi na mmoja vitafunguliwa vichupa viwili, na dozi tisa zitamwagwa. Baba mdogo ni mkulima, kumwaga hawezi. Kwa hiyo sasa hivi, mimi nikiandika haya, yeye yuko kwenye baiskeli anatafuta mbwa tisa zaidi. Kwa yule mzee wa Nimesikia wapo watatu. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa amefikisha sita.